Karatasi ya hesabu, Lubumbashi: shajara ya mradi, Machi hadi Julai 2024

2 Machi

Toleo la kwanza la karatasi yetu ya hesabu limekwama. Wiki mbili zilizopita tuliacha nakala 200 sehemu sita: saluni mbili za Kamalondo, kwa kinyozi karibu na soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), kwa mama muuza unga ndani ya soko hilo, kwa fundi cherehani wa Katuba, na kwenye kibanda cha mlinzi wa usiku wa ghala moja la saruji. Leo nimezunguka kote. Kwa kinyozi, nakala 31 kati ya 40 ziko palepale nilipoziweka. Sokoni nimekuta nyingine zimefungia karanga.

Nilidhani nimechagua hadithi bora kuliko zote. Mji wa Königsberg ulikuwa na mto, visiwa viwili na madaraja 7, na watu wake walijiuliza kama mtu anaweza kutembea akavuka kila daraja mara moja, bila kulirudia hata moja. Leonhard Euler akaonyesha mwaka 1736 kwamba haiwezekani, na njia aliyoitumia ikazaa tawi zima la hisabati. Mwenzangu alichora mto na madaraja kwa uangalifu mkubwa. Niliandika kila sentensi mara nne.

Fundi cherehani ndiye peke yake aliyesoma mpaka mwisho. Aliniuliza swali moja: "Mwalimu, huyu mtu wa kuvuka madaraja, alikuwa anaenda wapi?"

Mwenzangu anasema kosa letu ni mji. Nani hapa anaijua Königsberg? Anaweza kuwa na haki. Mimi nashuku kitu kingine. Kichwa cha karatasi kilisema "Kwa nini haiwezekani", kwa hiyo jibu lilifika kabla ya swali, na msomaji hakupata hata dakika moja ya kujaribu mwenyewe. Nayaandika mashaka yote mawili hapa ili baadaye tujue lipi lilikuwa la kweli.

Tumekubaliana jambo moja kuanzia toleo la pili: upande wa mbele wa karatasi ni kazi ya mkono, na maelezo yote yanakaa upande wa nyuma.

9 Machi

Nimeshinda soko la Kenya, nimekaa juu ya gunia nyuma ya mama muuza unga. Sikwenda kumfundisha kitu. Nilitaka kuona watu wanahesabu nini siku nzima bila kuliita hesabu.

Kwa asiyeujua mji wetu: unga wa bukari (ugali) tunaupima kwa meka, kopo la bati. Kuna meka ya kilima, ambapo unga unalundikwa juu ya mdomo mpaka uanze kuporomoka, na kuna ya kukata, iliyopitishwa ubao juu ikawa sawa. Mama ananunua za kilima kwenye mashine ya kusaga na kuuza za kukata kwa bei ileile aliyonunulia. Nikamwuliza, sasa faida yake iko wapi?

"Nikinunua tisa nauzisha kumi. Ile ya kumi njo yangu."

Nikamwuliza kama ana hakika ni tisa na kumi, si saba na nane, wala kumi na mbili na kumi na tatu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake. Ni tisa.

Niliazima rula kwa seremala wa jirani. Kopo lake lina upana wa sentimita 16 na urefu wa 18. Kilima cha unga, kabla hakijaporomoka, kinapanda sentimita 6 juu ya mdomo. Kilima hicho ni koni, na koni hujaza theluthi moja ya kopo lenye mdomo uleule na urefu uleule. Lakini urefu wa kilima ni theluthi ya urefu wa kopo. Theluthi ya theluthi ni moja ya tisa. Vilima tisa vinajaza meka moja kamili.

Nilikaa kimya kwa muda. Mimi nilijifunza fomula ya koni nikiwa na miaka 15, kwa Kifaransa, nikaikariri kwa ajili ya mtihani, na haijawahi kunilisha. Yeye hajawahi kuiona, na tangu aanze biashara hii inawalisha watoto wake.

Nilipomweleza, hakushangaa hata kidogo kuhusu tisa. Kilichomshika ni theluthi. "Tatu? Koni tatu njo zinajaza? Mi ningesema mbili." Akawaita wenzake watatu wa meza za jirani, na wote wakasema mbili. Toleo la pili limezaliwa hapo.

11 Machi

Kwa nini wote wanasema mbili? Kwa sababu macho yanaitazama koni kutoka ubavuni. Kutoka ubavuni koni ni pembetatu na kopo ni mstatili, na pembetatu ni nusu ya mstatili. Jicho haliko mbali na ukweli, limesahau tu kwamba koni inapungua pia kuelekea mbele na nyuma, sio kushoto na kulia peke yake. Nataka hili liandikwe kwa heshima. Kosa lenye sababu nzuri namna hii linafaa kusimuliwa lote, hatua kwa hatua.

Sababu ya theluthi yenyewe ilinisumbua zaidi. Fomula sitaki. Nimeikuta kwenye kipande cha sabuni. Kata sabuni iwe mchemraba. Chagua pembe moja. Kuna nyuso tatu ambazo hazigusi pembe hiyo. Kutoka kila moja ya nyuso hizo, nyoosha kuelekea ile pembe, na sabuni inagawika kuwa piramidi tatu zinazolingana kabisa. Tatu kwa mchemraba mmoja. Ukishaona hilo kwa macho, kuhama kutoka piramidi kwenda koni ni jambo la kukata vipande vyembamba kama mkate: kipande kwa kipande, zote mbili zinapungua kwa kiwango kilekile kadiri unavyopanda.

Upande wa mbele: kiolezo cha koni cha kukata na kubandika, na swali "Ngapi zitajaza kopo? Andika kwanza unavyodhani." Koni ya meka haikuenea kwenye karatasi ya A4, kwa hiyo tumehamia kopo dogo la nyanya, ambalo liko katika kila jiko.

23 Machi

Karatasi zimeisha kwa kinyozi. Mwenye saluni ya kwanza amekasirika kwa sababu wasichana wake walimwaga unga sakafuni. Nimeomba radhi na kumpelekea kikopo cha mchanga. Umeme ulikatika siku mbili, na duka la fotokopi likachelewa. Karatasi moja pande zote mbili ni falanga 300, nakala 200 ni falanga elfu sitini, na mfuko wetu utatufikisha Julai tukibana.

6 Aprili

Wiki nzima nimepigana na maneno.

Hesabu za shule hapa zinaingia kichwani kwa Kifaransa. Mtu ananunua makala (mkaa) kwa Kiswahili, lakini falanga za kurudishiwa anazihesabu kwa Kifaransa chetu cha septante (sabini) na nonante (tisini). Kwa hiyo ninapotaka kuandika juu ya namba zisizogawanyika, msomaji wangu ama analo neno la shule, "nombre premier", linalonuka chaki na adhabu, ama hana neno lolote. Nikafungua kitabu cha Tanzania. Wao wanayo maneno kamili, na mengine ni mazuri sana: namba shufwa na namba witiri, kigawo kikubwa cha shirika. Namba kama 7 au 13 wanaiita namba tasa.

Niliandika ukurasa mzima na namba tasa, nikampa mmoja wa wasusi wa saluni ya pili asome kwa sauti. Alisoma mistari miwili akaacha. Mama mmoja aliyekuwa akisukwa alisema polepole, bila kugeuka, kwa sababu nywele zake zilikuwa mikononi mwa mwingine: "Neno lile toa." Hakuna aliyeongea tena kwa muda. Sikuuliza lolote. Ninajua tasa ni neno la nani katika nyumba zetu, na linavyotupwa.

Najua pia kwamba neno hilo katika vitabu vya wenzetu halina ubaya, na mwanafunzi wa Dodoma analitumia bila kumuumiza mtu. Tutalitaja mara moja, ili msomaji wetu akikutana nalo alijue. Lakini karatasi hii inasomwa kwenye viti vya kusukia, na mwanamke akisukwa hawezi kusimama akaondoka.

Nilirudi na maharagwe. Nikamwomba msusi apange 12 kwa safu zinazolingana: akapata 3 kwa 4, akapata 2 kwa 6. Kisha 13. Akajaribu safu mbili, tatu, nne, moja ikibaki kila mara. Akayasogeza yote yakawa foleni ndefu pembeni ya kioo, akasema, "Hii ni ya mstari moja tu."

Namba ya mstari mmoja. Ndilo neno letu kuanzia leo.

20 Aprili

Toleo la tatu limetoka. Upande wa mbele: mfupa wa Ishango, umechorwa kwa ukubwa wake karibu kamili, kama sentimita 10, na chale zake zote. Hatukuandika namba yoyote. Tumeandika tu: "Hesabu chale za kila kundi. Panga maharagwe."

Upande wa nyuma ndiyo hadithi. Jean de Heinzelin, mwanajiolojia Mbelgiji, aliupata mwaka 1950 huko Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, Kivu Kaskazini ya leo. Umri wake unakadiriwa kuwa kama miaka 20,000 au zaidi. Safu moja ina makundi ya chale 11, 13, 17 na 19. Yote ni ya mstari mmoja, na hakuna nyingine kama hizo kati ya 10 na 20. Safu ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Jumlisha safu ya kwanza, 60. Jumlisha ya pili, 60 tena.

Mwenzangu alitaka tuandike kwamba babu zetu walizijua namba hizo kabla ya Wagiriki. Nilikataa, na tulibishana mpaka usiku. Ninaipenda nchi hii kama yeye. Lakini safu ya pili ina 21, na 21 unaipanga 3 kwa 7. Mtafiti Mmarekani, Alexander Marshack, aliziona chale hizo kama kalenda ya mwezi. Wengine wanaona mtu aliyekuwa akicheza na 10 na 20, akiongeza moja na kupunguza moja. Chale zimesema 11, 13, 17, 19, na hazijasema kwa nini. Nikamwambia tumwachie msomaji mfupa wenyewe. Mwishowe alikubali, akauchora upya akiwa ameongeza kipande cha jiwe jeupe kilichochomekwa kwenye ncha, ambacho mimi nilikuwa nimekisahau.

Swali lililoulizwa kuliko yote wiki hii halikuwa la hesabu: mfupa uko wapi sasa? Uko Brussels. Watu walinyamaza niliposema hivyo.

27 Aprili

Nilikosea. Chini ya toleo la tatu niliorodhesha namba zote za mstari mmoja zilizo chini ya 100. Ziko 25. Nilichapa 26.

Aliyegundua ni Papa mlinzi wa ghala la saruji. Nilipopita alfajiri alinikuta mlangoni, akanishika mkono bila salamu ndefu, akanipeleka nyuma ya kibanda chake. Kwenye saruji alikuwa amepanga vifuniko vya chupa za bia: safu 7, kila safu vifuniko 13, zimenyooka kama makaburi ya wanajeshi. Tisini na moja.

"Mwalimu, hii uliandika ni ya mstari mmoja."

Alikuwa amezijaribu zote, usiku baada ya usiku, kuanzia 11. Alianza si kwa kunishuku, anasema, ila usiku ni mrefu na vifuniko ni vingi. Aliposhindwa kupanga 83 na 89 aliniamini zaidi. Ilipofika 91 alidhani amehesabu vibaya vifuniko, akavihesabu mara tatu.

Nimeikagua orodha yote upya. Toleo la nne litafungua na sahihisho, kubwa, juu kabisa, pamoja na mchoro wa safu zake saba. Hataki jina lake liandikwe. Anataka iandikwe "mlinzi wa usiku".

Tangu asubuhi ninawaza jambo moja. Katika miaka yangu ya kufundisha nimewaambia watoto mamia kwa mamia kwamba 91 ni mara 7 ya 13, wakaandika, wakasahau. Mimi mwenyewe nililijua, na mkono wangu ukaandika vingine. Yeye hatalisahau.

18 Mei

Mvua zimeisha, vumbi limerudi, na limerudi na zawadi.

Mjomba wa mwenzangu amekuja kutibiwa kutoka upande wa Dilolo, anakaa kwao Katuba. Ni Mchokwe. Aliiona karatasi ya madaraja ya Königsberg ukutani, akauliza ni mchezo gani. Mpwa wake akamweleza: mstari mmoja, bila kurudia njia. Mzee akatoka uani, akalainisha vumbi kwa kiganja, akachoma nukta kwa ncha za vidole, safu tatu za nukta nne, zikiachana sawasawa. Kisha akavuta kidole. Kilikwenda mshazari kati ya nukta, kikifika ukingoni kinapinda na kurudi, kikapita kila mahali, kikaishia pale kilipoanzia, na kila nukta ilikuwa imezungushiwa nyumba yake. Hakuinua kidole. Alikuwa akisimulia huku akichora, habari ya mtu aliyekuwa akizunguka kijiji.

Ni sona, mmoja huitwa lusona. Wachokwe wa Angola, wa Zambia na wa kwetu waliwafundisha vijana wakiwa mukanda, jandoni, na mchoraji aliyesita katikati alionekana ameshindwa. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014, aliichunguza kwa miaka mingi na kuonyesha hisabati iliyomo. Nilikuwa nimesoma habari zake. Sikuwahi kuona kidole kikitembea.

Nilimwomba mzee achore nukta nne kwa sita. Akatikisa kichwa: hiyo haikubali mstari mmoja. Alijuaje kabla hajaanza? "Inataka mbili," alisema, basi.

1 Juni

Toleo la tano: upande wa mbele ni nukta tupu. 2 kwa 3, 3 kwa 4, 4 kwa 6, 3 kwa 6, 5 kwa 5. "Anzia kwenye mshale, nenda mshazari, ukigonga ukingo geuka. Ukirudi ulipoanza na bado kuna nukta hazijazungukwa, anza mstari mwingine. Mistari mingapi?"

Sijawahi kuona karatasi yetu ikisambaa hivi. Watoto wanaichora barabarani kwa mkaa. Kwa kinyozi, wanaume wawili waligombana kuhusu 4 kwa 6 mpaka mteja akasimama na nusu ya kichwa kilichonyolewa kuja kuamua. Binti wa mama muuza unga, yuko darasa la sita, aliandika matokeo pembeni ya karatasi: 2 na 3, moja; 3 na 4, moja; 4 na 6, mbili; 3 na 6, tatu; 5 na 5, tano. Akamtazama mama yake, akasema, "Ni PGCD." Kigawo kikubwa cha shirika, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawa zote mbili bila kubakisha, kile kile walichokariri shuleni. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekutana na jirani yake katika mji wa mbali.

Sasa watu wanauliza kwa nini, na upande wa nyuma wa karatasi nimeuacha mtupu kwa sababu sikuwa na maelezo ninayoridhika nayo. Hilo ni deni.

8 Juni

Nimeandika maelezo mara tatu nikachana. Ya nne yamekaa, na yamekaa kwa sababu niliyaandika kwenye meza ya fundi cherehani.

Chukua mstatili wa nukta 4 kwa 6. Upande wa kulia, tenga mraba wa 4 kwa 4. Fuata mstari wowote unaovuka mpaka na kuingia ndani ya mraba huo. Unagonga juu, unagonga kulia, unagonga chini (ukiingia ukishuka, ni kinyume chake), halafu unatoka. Unatokea wapi? Palepale ulipoingilia, na unaelekea kule kule ambako ungeelekea kama ungegonga ukuta. Kwa mistari, mraba mzima ni sawa na ukuta. Ukiukata ukautupa, idadi ya mistari haibadiliki.

Basi ukate. Inabaki 4 kwa 2. Tenga mraba wa 2 kwa 2, ukate. Inabaki 2 kwa 2, na mraba wa nukta mbili kila upande unachukua mistari miwili. Wa tatu, mitatu. Wa tano, mitano. Jibu ni mbili. Fanya vivyo hivyo kwa 3 kwa 4: kata 3 kwa 3, inabaki ukanda wa nukta tatu, kata moja, kata moja, inabaki nukta moja. Mstari mmoja.

Fundi alikuwa akinisikiliza huku akipiga pasi. Alichukua kipande cha kitambaa cha ndoo za mabaki, akakikunja mraba mkubwa unaotoka, akaukata, akageuza kipande kilichobaki, akakunja tena, akakata. Mwisho akashika mkononi kimraba kidogo. "Hiki kinaingia kotekote bila kubakisha," alisema. Kinaingia kotekote. Ndiyo maana ya kigawo cha shirika, na ndiyo njia ambayo Euclid wa Aleksandria aliiandika yapata miaka 2,300 iliyopita, isipokuwa yeye alipunguza mistari na fundi anapunguza vitambaa.

Nilimsomea mjomba maelezo hayo yote jioni. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba wao hawakati. Wanatazama tu kama pande mbili "zinasikilizana". Nimeyaandika maneno yake upande wa nyuma, chini ya mraba.

22 Juni

Baridi. Mzee amerudi kwao. Toleo la sita lenye maelezo limetoka, limeisha. Fedha inatosha toleo moja.

6 Julai

Tulibishana juu ya toleo la mwisho. Mwenzangu alitaka unga tena, au sona nyingine. Mimi nilitaka Königsberg, mto ule ule, visiwa vile vile, mchoro wake ule ule wa Februari bila kubadilisha hata nyasi. Mashaka mawili tuliyoyaandika Machi bado hayajapimwa, na hii ndiyo nafasi ya pekee. Alikubali. Tulibadilisha kitu kimoja: upande wa mbele hauna neno "haiwezekani". Una ramani, na "Weka kidole."

Nakala 200, sehemu sita zilezile. Siku ya nne hakukuwa na hata moja kwa kinyozi. Hakuna aliyeuliza Königsberg iko wapi, isipokuwa binti wa darasa la sita, aliyetaka kujua ili aitafute kwenye ramani. Nimemwambia leo inaitwa Kaliningrad, iko Urusi. Basi si mji uliotushinda. Mikono iliyokwisha kuchora vumbini haikujali mto ni wa nani.

Leo jioni nimepita kwa fundi. Alikuwa na ramani mezani, ameinukuu kwa chaki ya nguo juu ya kitambaa cha bluu, kubwa, madaraja yakiwa mistari na nchi kavu zikiwa duara nne. Hajafungua upande wa nyuma, alisema, na nisimwambie.

"Mi naiona kama uzi. Sindano ikiingia mahali, lazima itoke. Ikiingia tena, itoke tena. Kwa hiyo mahali pa kupita tu, mashono yanakwenda mawili mawili. Penye matatu, uzi umeanzia pale ao umeishia pale." Akagusa kila duara. Kisiwa cha kwanza, matano. Kisiwa cha pili, matatu. Ukingo wa juu, matatu. Ukingo wa chini, matatu. "Na uzi uko na ncha mbili tu. Hapa wanataka nne."

Sikuwa na la kuongeza. Hivyo ndivyo Euler alivyofikiri, na fundi aliifikia kwa mashono.

Lakini hakuwa ameniita kwa ajili ya hilo. Alifuta daraja moja kwa kidole gumba, akapitisha ncha ya mkasi juu ya mengine sita bila kurudia. Akalichora tena, akafuta jingine, akapitisha. "Nimejaribu yote saba. Toa daraja lolote, uzi unapita. Lolote." Alikuwa amefanya hivyo tangu mchana, na suruali ya mteja ilikuwa imekunjwa pembeni haijaguswa.

"Sasa nauliza," alisema, "na tukiongeza la nane?"

Alinipa chaki. Tulianza na lile la kuunganisha visiwa viwili mara ya pili.